Duka la Nyuzi katika Nchi ya Wamasai

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Namanga, akisha kuuvuka Mto Athi na kuviacha nyuma viwanda vya saruji, huingia Kitengela. Mji huu ni mgeni juu ya uwanda mkongwe. Watu wa makamo wangali wakikumbuka nyumbu na punda milia wakipita mahali ambapo leo pamesimama nyumba za ghorofa, na katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019 wakazi wake walipita 150,000. Kati ya maduka yake mengi yamo machache madogo ambayo msafiri hayatambui upesi: chumba kimoja cha hatua nne kwa tano, rafu zilizojaa madonge ya nyuzi tangu sakafuni hata darini, mizani ndogo juu ya meza, na barazani mwanamke ameinamia mashine ya kufumia, mkono wake ukienda na kurudi kama wa mtu anayepiga pasi. Hilo ni duka la nyuzi. Ukiendelea kiasi cha kilomita 50 hata Kajiado utamkuta ndugu yake, ila yule wa Kajiado huuza na shanga pia, na mara nyingi shanga ndizo zinazomweka hai.

Kama wewe, msomaji, ni mwanafunzi wa kaunti hiyo, sweta uliyoivaa yamkini ilifumwa katika baraza ya namna hiyo. Nataka tuufuate uzi wake kwa kurudi nyuma, tuone ulitoka wapi na nani aliuleta. Maana duka hili dogo lina ukoo mrefu kuliko mji uliolizunguka.

Jambo la kwanza la kustaajabisha ni hili: nchi ya Kajiado imejaa kondoo, wala haina uzi. Kondoo mwekundu wa Kimasai, ambaye wataalamu wa nchi za mbali humsifu kwa kuwa huvumilia minyoo inayowaua kondoo wengine, ana nywele mwilini, hana sufu. Ukimkata hupati kitu cha kusokotwa. Kondoo wa aina ya Dorper, ambaye asili yake ni Afrika ya Kusini, na ambaye alienea Kajiado tangu miaka ya 1970, hufugwa kwa nyama vilevile. Kondoo wenye sufu waliletwa na walowezi; naye Lord Delamere alipoteza wengi kwa maradhi huko Njoro mwanzoni mwa karne ya ishirini, kabla ya ufugaji huo kushika mizizi katika nchi za baridi kama Molo. Basi Mmasai, ambaye mali yake yote ilikuwa na miguu minne, hakuwa na pia ya kusokotea wala kitanda cha mfumi. Alivaa ngozi, na ngozi aliishona. Uzi wake ulikuwa ukano wa ng'ombe, uliokaushwa, ukachanwa, ukasokotwa pajani. Na chuma cha kutobolea alikipata kwa Ilkunono, wahunzi wa kabila lake. Yaliyozidi hayo, yaani shanga, waya na nguo, yalitoka mbali, na kwa hiyo palitakiwa mtu wa kuyaleta.

Mtu huyo kwanza alikuwa mtu wa pwani. Katika karne ya kumi na tisa misafara ya Mombasa na Pangani ilipanda bara kutafuta pembe za ndovu, ikipumzika Taveta, kisha ikikata nyanda hata Ngong, ambako wasafiri walinunua chakula kwa Wakikuyu. Nguo waliyochukua ni marekani, iliyopata jina hilo kwa kuwa ilifumwa katika viwanda vya Marekani na kuletwa Unguja na meli za mji wa Salem. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, vya 1861 hadi 1865, viliikatiza biashara hiyo na nguo za nchi nyingine zikachukua nafasi yake, lakini jina halikuondoka. Na hata leo mwenye duka akiombwa marekani hatazami ramani.

Shanga zilikuwa habari ngumu zaidi. Wakati huo nyingi zilitoka Venice, katika Italia. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyekwenda hata Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba aina za shanga katika biashara ya Unguja zilikuwa kama 400, na kila moja ilikuwa na jina lake, bei yake, na nchi iliyoipenda. Zilihesabiwa kwa khete na fundo: khete kumi, fundo moja. Zile nyekundu za rangi ya marijani ziliitwa samesame, na wasafiri walizipa majina ya mzaha. Jina moja lilisema kwamba zinamaliza chakula, kwa kuwa mtu hutoa chakula chake apate hizo, na jingine kwamba zinavunja mji. Mtu akiangalia vizuri ataona kwamba majina hayo yalitungwa na wauzaji. Sijui wanunuzi waliwaitaje wauzaji.

Hapa ndipo tunapoiona hatari ya biashara hii, ambayo haijabadilika. Shanga iliyopendwa mwaka huu hukataliwa mwaka ujao, na iliyopendwa bonde hili hudharauliwa bonde la pili. Joseph Thomson, Mskoti aliyeivuka nchi ya Wamasai mwaka wa 1883 na 1884, alipofika Taveta aliambiwa na wazoefu wa njia kwamba shanga zake hazitapokewa kwa jinsi zilivyotungwa. Basi wapagazi wakaketi, wakazifungua, wakazitunga upya kwa urefu wanaoutaka Wamasai. Na maelfu kwa maelfu ya tungo yalipita vidoleni mwao kabla msafara haujaondoka. Huko Taveta alikutana na Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani, ambaye alisafiri naye, na ambaye miaka michache baadaye alikwenda tena na Teleki, mkabaila wa Hungaria. Nadhani wenye maduka wangefaa kumkumbuka Kimemeta kuliko Thomson. Mgeni aliandika kitabu, lakini mtu wa Pangani ndiye aliyemjua mnunuzi.

Kisha ukaja wakati wa msiba. Karibu na mwaka wa 1890 sotoka iliingia Afrika ya Mashariki ikateketeza ng'ombe. Ndui na njaa vikafuata. Wamasai huuita wakati huo Emutai, yaani maangamizi. Mtu aliyepotewa na ng'ombe hanunui shanga. Na kabla nchi haijapata pumzi, reli ikaja. Ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikakata nyanda za Kapiti na Athi, yaani ukumbini pa Kitengela, ikafika Nairobi mwezi wa Mei, 1899. Mzigo uliochukuliwa vichwani kwa miezi sasa ulifika kwa siku chache, na mtu wa msafara akawa hana kazi.

Mahali pake pakachukuliwa na mwenye duka. Neno duka ni la zamani pwani, nalo lina asili ya Kiarabu. Lakini duka la bara, lenye paa la mabati, kaunta ya mbao na mlango wa kukunja, ni mtoto wa reli. Allidina Visram, Mhindi wa Kutch aliyefika pwani yetu akiwa kijana, alifungua maduka kuifuata njia ya reli ilivyokuwa ikijengwa, akaendelea mpaka Uganda, na alipokufa mwaka wa 1916 jina lake lilijulikana tangu Mombasa hata maziwa makuu. Nyuma yake walikuja wadogo wasioandikwa vitabuni: Wahindi wenye duka la chumba kimoja na familia nyuma ya pazia, na, hasa katika nchi ya wafugaji, Wasomali, waliojua kununua ng'ombe kwa mkono mmoja na kuuza shuka kwa mkono wa pili.

Wakati huohuo Wamasai walikuwa wakinyang'anywa nchi. Mapatano ya mwaka wa 1904 yaliwatoa katika sehemu bora za Bonde la Ufa, na yale ya 1911 yakawatoa Laikipia, wakasukumwa pamoja na mifugo yao hata Hifadhi ya Kusini. Mwaka wa 1913 walipeleka shauri mahakamani, likatupwa. Na hata hifadhi hiyo haikuachwa peke yake: kampuni ya magadi ilipitisha reli kutoka Konza hata Ziwa Magadi, kazi iliyokamilika mwaka wa 1915. Njiani paliwekwa kituo katika nchi ya mto ambao Wamasai huuita Olkejuado, maana yake mto mrefu. Kituo kikazaa soko, soko likazaa mji, na jina likakunjwa katika vinywa vya wageni likawa Kajiado.

Katika duka la Kajiado la siku hizo sukari, chai na tumbaku vilikaa karibu na mwenye duka, kwa sababu huibwa upesi. Mablanketi na shuka nyekundu zilikunjwa juu ya rafu. Waya ulitundikwa misumarini. Shanga zilikaa katika makopo au katika mashada yaliyoning'inia mbele, ambapo jua la asubuhi linaweza kuziangukia, maana hakuna mwanamke wa Kimasai anunuaye shanga gizani. Na barazani, katika karibu kila duka la bara, alikaa fundi na cherehani yake. Nyuzi za pamba zilikuwa zake kwanza. Ndipo wanawake walipoanza kuzinunua kwa kutungia shanga, wakapumzisha ukano. Duka la nyuzi tunaloliona leo limetoka katika kiti cha fundi huyo.

Mapato ya duka yalifuata mvua. Mvua ikinyesha, ng'ombe hunenepa, mnada huchangamka, arusi na sherehe za rika hufanyika, na shanga hutoka. Mvua ikikosekana, mteja huja vilevile, lakini huja kuomba. Hapa ndipo pana jambo zito la historia ya duka dogo: deni. Kodi ya kibanda ilitakiwa kwa fedha, na fedha yenyewe ilibadilishwa mara mbili katika muda mfupi, rupia ikaondolewa mwaka wa 1920, florini ikashika mahali pake, kisha shilingi ikaingia 1921. Mfugaji alikuwa na mali nyingi malishoni bila senti mkononi. Mwenye duka alimwandikia. Serikali ya kikoloni haikuipenda mikopo hiyo. Kwa sheria ya mwaka wa 1948 mkopo mkubwa kwa Mwafrika, uliozidi shilingi 200, haukuweza kudaiwa mahakamani kama haukuidhinishwa na ofisa wa serikali. Ilisemwa kwamba sheria hiyo ni ngao ya mnyonge. Lakini kwa Mwafrika aliyetaka kufungua duka lake mwenyewe ilikuwa pingu, kwa sababu muuzaji wa jumla wa Nairobi hakutaka kumpa mzigo ambao hangeweza kuudai. Mtu hawezi kujaza rafu kwa kulindwa.

Sasa naomba tuondoke Kajiado kitambo kidogo, twende katikati ya Ulaya, maana shanga za duka letu zina nchi yao. Katika milima ya Bohemia uko mji uitwao Jablonec, ambao wenyeji wake Wajerumani waliuita Gablonz. Katika karne ya kumi na tisa mji huu ulishindana na Venice kwa kutengeneza shanga ndogo: kioo huyeyushwa, huvutwa kikawa ufito mrefu wenye tundu katikati, hukatwa vipande vidogo sana, kisha hutiwa moto tena mpaka ncha zikaviringika. Wajumbe wa wafanyabiashara wa Gablonz walizunguka dunia na kadi zilizoshonewa mifano ya shanga, wakiuliza katika kila nchi ni rangi gani itakiwayo. Kazi waliyoifanya wapagazi wa Thomson kwa jasho, wao waliifanya kwa kadi.

Mwaka wa 1938 Ujerumani ilijitwalia sehemu hiyo ya Chekoslovakia. Vita vikafuata, na njia za meli zikawa za askari. Vita vilipokwisha, Wajerumani wa Gablonz walifukuzwa. Wengi wakahamia Bavaria, karibu na mji wa Kaufbeuren, wakajenga mtaa wakauita Neugablonz, yaani Gablonz mpya, wakaanza upya kazi ileile. Nyuma yao, baada ya Wakomunisti kushika serikali mwaka wa 1948, viwanda vikawa mali ya dola, na mauzo ya nje yakatiwa mikononi mwa shirika liitwalo Jablonex. Mwanamke aliyekuwa akitunga shanga chini ya mgunga huko Kajiado aliyapokea mambo hayo yote kwa njia moja tu: aliambiwa dukani kwamba nyekundu aliyoizoea haipo. Ndiyo sababu nasema kwamba mtu anayesoma historia ya vita vya dunia, akitaka kujua vilifika wapi, asitazame medani peke yake, atazame na kopo la shanga.

Watu wengi wamezoea kueleza rangi za Kimasai kwa maana zake: nyeupe ni maziwa, nyekundu ni damu, buluu ni mbingu, kijani ni majani. Maelezo haya hupendwa sana na watalii. Mwenye duka anayajua, naye huyasema mgeni akimwuliza, lakini hayamsaidii hata kidogo kununua mali yake. Kinachouza ni mpango: rangi ipi ikae kando ya ipi, katika sehemu gani ya nchi, kwa rika gani, mwaka gani. Watu wa Kajiado humtambua kwa ushanga wake mtu aliyetoka upande mwingine wa Umasai kabla hajafungua kinywa. Tena iko habari ya ukubwa. Shanga za Jablonec zinatafutwa hata leo, ingawa ni ghali, kwa sababu zinalingana. Zile za bei nafuu zitokazo China mara nyingi hazilingani, na safu moja ya shanga zisizolingana hupinda mkufu wote kama barabara ya makorongo. Ngozi iliyokuwa ikishikanisha safu imeacha nafasi kwa vipande vya plastiki, na ukano umeacha nafasi kwa nailoni. Kwa hiyo duka lililoanza kwa kuuza shanga kwa mtu mwenye uzi wake, sasa huuza na uzi pia.

Katika miaka ya 1980 lilitokea pia jambo la pekee upande wa Kitengela. Nani Croze, msanii mwenye asili ya Ujerumani, alianzisha karakana ya vioo ukingoni mwa Mbuga ya Nairobi, ambako chupa kuukuu na vioo vya madirisha huyeyushwa vikawa vyombo na shanga. Baada ya karne nzima na zaidi ya shanga kuvuka bahari, uwanda wa Athi ukapata tanuru lake. Lakini hizo ni shanga kubwa za mapambo ya namna nyingine. Ile ndogo, ndogo kuliko punje ya mtama, ingali ikitoka ng'ambo.

Kenya ilipata uhuru mwaka wa 1963. Sheria ya leseni za biashara ya mwaka wa 1967 ikawazuia wasio raia kufanya biashara katika sehemu nyingi na kuuza bidhaa kadha wa kadha, na maduka mengi ya miji midogo yakabadilika mikono. Wakikuyu, Wakamba na Wasomali walinunua. Wamasai wenyewe wakaanza kuingia, polepole. Wanawake waliingia mwisho, ingawa shanga na nyuzi ni elimu yao. Sababu haikuwa uvivu wala ujinga. Benki ilidai dhamana, dhamana ilikuwa ardhi, na hati ya ardhi kwa kawaida iliandikwa jina la mwanamume. Mtaji wa mwanamke ulitoka katika chama, kila mwezi wanachama wakichanga na kumpa mmoja wao. Na sifa ya mlipaji mwema ndani ya chama ikawa ndiyo hati yake.

Nao uwanda ukabadilika. Mbuga ya Nairobi ilikuwa imetengwa tangu 1946. Mwaka wa 1968 sheria ilitungwa ya kuwapa wafugaji mashamba ya pamoja kwa vikundi, na mwaka wa 1988 shamba la pamoja la Kitengela likagawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake na ruhusa ya kuiuza. Mwaka wa 1990 sheria ikaruhusu viwanda vya kuuza nje visivyolipa ushuru, na viwanda vya kushona nguo vikajengwa Athi River. Marekani ilipofungua soko lake kwa nguo za Afrika kwa sheria ya mwaka wa 2000, maelfu ya wafanyakazi walihitaji vyumba, na vyumba vikajengwa Kitengela. Angalia kejeli ya jambo hili. Vitambaa huingia Athi River kwa makontena, hushonwa suruali na mashati, kisha hurudi Mombasa na kupakiwa melini kwenda Marekani. Na mshonaji atokapo kazini jioni, akitaka kumfumia mwanawe kofia, hununua donge la uzi katika chumba kile cha hatua nne kwa tano.

Uzi huo huitwa sufu, lakini hakuna kondoo aliyeuota. Mwingi ni akriliki, uliotengenezwa kwa mafuta ya petroli, ukatiwa rangi na kusokotwa katika viwanda vya Eldoret na Nairobi. Wenye maduka huununua kwa kilo, wakipita pia Biashara Street, ambayo katika ukoloni iliitwa Bazaar Street, na ambako vifungo, zipu na sindano zimeuzwa tangu babu zao wauzaji wa sasa. Huuza kwa wafumaji wa vitambaa vya viti, kwa mama wajawazito, na hasa kwa shule. Serikali ilipofuta ada ya shule za msingi mwezi wa Januari 2003, watoto wengi mno waliingia madarasani, na kila mmoja alitakiwa kuwa na sweta.

Tufanye hesabu, kwa kuwa historia ya duka bila hesabu ni hadithi. Tuseme sweta ya mtoto mdogo hula robo kilo ya uzi. Shule moja ikiagiza sweta 200, zatakiwa kilo 50 za rangi moja. Sasa rangi ya uzi si jambo la jina. Nyuzi zilizotiwa rangi katika pipa la Jumatatu na zile za pipa la Alhamisi zaweza zote kuitwa kijani, lakini zikifumwa katika nguo moja, mkono hutofautiana na kifua. Kwa hiyo mwenye duka lazima azinunue zote kwa siku moja, mwezi wa Novemba, kwa fedha zake, akijua kwamba wazazi watalipa Januari, na wengine Machi. Kwa miezi hiyo fedha yake imelala rafuni. Mwanamke mmoja wa Kitengela alinieleza jinsi alivyofuma sweta zaidi ya mia za shule moja, na shule ilipofunguliwa akapewa habari kwamba kamati imebadili rangi kuwa ya damu ya mzee. Alifumua sweta mojamoja, akazungusha uzi upya, akauuza kwa wafumaji wa vitambaa kwa bei ya chini. Nilimwuliza kama alidai fidia. Alicheka, akaniuliza mimi nina watoto wangapi. Maana wake walikuwa wakisoma shule hiyohiyo.

Tangu Machi 2007, ilipoanza huduma ya M-Pesa, deni limepata mlango mpya: mzazi aliye mbali hulipa kwa simu, mia mbili leo na mia tatu wiki ijayo. Daftari bado lipo chini ya kaunta. Nimeona wenye maduka wanaoandika malipo ya simu katika daftari kwa kalamu, kana kwamba simu haiaminiki mpaka wino ukauke.

Ukame uliwajaribu wote. Ule wa 1960 na 1961 uliua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Kajiado. Ukaja wa 1984, wa 2009, na ule mrefu uliomalizika 2023 baada ya misimu mitano ya mvua kushindwa. Katika ukame duka la Kitengela huyumba, kwa kuwa mishahara haitegemei nyasi moja kwa moja. Duka la Kajiado hukauka. Nilikaa katika duka moja la Kajiado miezi michache baada ya mvua kurudi. Tangu asubuhi mwenye duka alikuwa ameuza sindano mbili. Karibu na adhuhuri akaingia mwanamke mtu mzima, akafungua khanga na kutoa mkufu mpana usiokwisha, safu tisa zimekamilika na ya kumi imekatika katikati. Aliuacha hivyo, alisema, ng'ombe walipoanza kufa. Alitaka nyekundu ileile.

Mwenye duka alimimina shanga za kopo la kwanza katika kifuniko. "Yeyo, hii je?" Mama akachukua kumi, akazitunga, akaziweka kando ya safu ya tisa, akatoka nazo nje juani. Alirudi akazimwaga katika kifuniko bila kusema neno. Kopo la pili likafunguliwa, na la tatu. Kisha mwenye duka akakata uzi, akafunga juu yake shanga moja ya zamani aliyoitoa yule mama, akaubana kwa pini katika ukurasa wa daftari, na chini yake akaandika: Alhamisi, Nairobi.